Kuku wa Tunduma na Karai la Mchina

Mtu atokaye Mbeya kwenda Tunduma kwa basi husafiri kama kilometa 100, akipita Mbalizi, Mlowo na Vwawa mpaka afike Mpemba. Hapo, kabla hajauona mji wenyewe, huanza kuyaona malori. Mara nyingi yamepangana kandokando ya barabara, kichwa kwa mkia, mengine yakipeleka mizigo ya bandari ya Dar es Salaam huko Zambia na Kongo, mengine yakirudi na shaba. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma kwa upande wetu na Nakonde kwa upande wa Zambia, ili dereva akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Hata hivyo foleni bado huwapo, na dereva aliyekaa garini tangu alfajiri hutaka kula.

Ndiyo sababu Tunduma yanukia mafuta. Ukishuka basi, harufu ya kwanza ni ya dizeli, na ya pili ni ya kuku anayekaangwa. Vibanda vimejaa pande zote mbili za njia: viazi vimekatwakatwa ndani ya ndoo ya maji, mapaja na vidari vimerundikwa nyuma ya kioo, na karai kubwa linachemka tangu asubuhi. Wengine hulipa kwa shilingi, wengine kwa kwacha, na muuzaji hupiga hesabu zote mbili kichwani upesi kuliko mwanafunzi niliyepata kumfundisha. Ukitaka kula hapo utapewa sahani. Ukitaka kufungashiwa, utafungiwa kwenye karatasi pamoja na kachumbari na pilipili, nawe utajua umbali uliosafiri kwa kutazama jinsi mafuta yalivyoenea katika karatasi ile.

Mimi huenda Tunduma mara moja kila mwezi kununua mishumaa, karatasi na wino wa ofisi ya parokia. Kwa muda wa miaka mitatu hivi sikurudi nyumbani hata mara moja bila kidari cha Baba. Mzee alikuwa akinisubiri uani, na kabla hajaniuliza habari za safari alikuwa akiutazama mfuko. Niliona fahari kumletea. Sikujiuliza kitu juu ya mafuta yale, ingawa kwa macho yangu naliyaona meusi kama chai ya rangi, nami najua kwamba mafuta yakichemshwa siku baada ya siku huharibika.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, Baba alianguka shambani. Hospitalini alipimwa, akaonekana ana presha ya juu. Daktari alisema apewe dawa za kila siku, apunguze chumvi, na aache vyakula vya kuzamishwa katika mafuta. Mama akatii neno kwa neno. Kuanzia siku ile Baba alichemshiwa kuku peke yake, bila chumvi, bila kitunguu, maji matupu. Alikula siku mbili. Siku ya tatu aliisukuma sahani, akasema, "Mimi si mgonjwa wa wodini. Nipeni chakula cha watu." Tukawa sisi tunakula barazani, naye amejifungia ndani. Akakonda. Siku moja nikasikia kwamba amempa kijana wa pikipiki fedha amletee kuku wa Tunduma kwa siri. Ndugu msomaji, niliona haya, maana ni mimi niliyemzoeza.

Kumgombeza mzazi haifai. Nikaenda kukaa naye jioni, nikamwuliza ni kuku gani mtamu kuliko wote aliopata kula maishani mwake, nikidhani atataja kidari cha Tunduma. Akafikiri, akasema, "Kuku wa Wachina."

Akanisimulia habari za reli. Vijana wa sasa huiona TAZARA kama kitu kilichokuwapo siku zote, kama mlima. Lakini kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1973 reli ikafika hapa Tunduma, ikavuka mpaka. Mwaka 1975 ikakamilika mpaka Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1976 ikakabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia. Baba alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mchimba udongo katika sehemu hii ya mwisho ya upande wetu. Wafanyakazi wetu walikuwa na ugali wao, na Wachina walikuwa na jiko lao. Walilima mboga zao wenyewe karibu na kambi, jambo lililowashangaza vijana, maana hawakuwa wamezoea kuona fundi wa reli ameshika jembe la bustani.

"Siku moja," alisema Baba, "mpishi wao alinipa bakuli kwa sababu nilimpasulia kuni. Nilimwona anavyopika. Kuku mmoja alimkata vipande vidogo kama dole gumba. Karai lake lilikuwa jembamba, moto ukipanda hata pembeni. Akatia mafuta kidogo tu, tangawizi, nyama, mboga nyingi, akakoroga upesi upesi. Sijamaliza kujifuta jasho, chakula tayari. Kuku mmoja akala watu wanane."

Maneno hayo yalinikaa. Nikasoma habari za kuku wa Kichina apendwaye sana huko Marekani, yule wa ufuta, na ndugu yake aitwaye kuku wa Jenerali Tso. Huko humpaka unga, humzamisha katika mafuta, kisha humgaagaza katika sosi yenye sukari nyingi, wakamfungasha kama sisi tunavyofungasha kidari. Lakini mpishi aliyemtunga kuku wa Jenerali Tso, Peng Chang-kuei, mtu wa Hunan aliyefanya kazi Taiwan, alisema mwenyewe kwamba chakula chake cha awali, katika miaka ya 1950, hakikuwa kitamu kwa sukari. Sukari iliongezwa kwa ajili ya wateja wa Marekani. Nikajisemea, ikiwa yaliongezwa, yaweza kupunguzwa.

Jaribio langu la kwanza liliharibika. Nilimkamata jogoo wetu wa kienyeji, nikamkata vidogo, nikamtia karaini kama Baba alivyosimulia. Dakika kumi baadaye ilikuwa kama kutafuna kandambili. Baba ana meno machache, naye alinitazama kwa huruma. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Njia ile ya haraka hufaa kuku laini wa kisasa. Wa kwetu, aliyekimbia uwanjani mwaka mzima, ataka kwanza kuchemshwa.

Basi Dominika iliyofuata, tulipotoka Misa, nilifanya hivi. Nilimchemsha kuku pamoja na kipande cha tangawizi na kitunguu kizima mpaka akalainika vizuri. Nikamtoa, nikamvua ngozi, maana mafuta mengi hukaa humo, nikamchambua nyama vipande vidogo na kuuweka mchuzi kando. Nikakaanga ufuta kikaangoni bila mafuta mpaka ukaanza kurukaruka. Ufuta hulimwa katika mkoa wetu huu wa Songwe, lakini wengi tunauza wote bila kuonja. Halafu nikawasha moto mkali wa kuni kavu. Vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti, si zaidi, kwa kuku mzima. Yalipopata moto nikatia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, nikahesabu kumi tu visije vikaungua, nikatia nyama mpaka ikapiga rangi kidogo. Karoti, hoho na kabichi nikatia baadaye, zibaki na ugumu wake chini ya jino.

Sosi ndiyo yenye mtego. Kikombe kimoja cha mchuzi ule, kijiko kimoja cha mezani cha asali, maji ya ndimu moja, na kijiko cha chai cha unga wa muhogo uliokorogwa katika maji baridi ili sosi ishike nyama. Kisha sosi ya soya. Wengi huidhani haina madhara kwa kuwa ni ya maharage, kumbe ni chumvi iliyovaa nguo nyeusi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kijiko cha mezani cha sosi ya soya huwa na karibu nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo nilitia vijiko viwili vya chai kwa sufuria ya watu saba, na chumvi nyingine sikutia kabisa. Tangawizi na ndimu huziba pengo. Nikamwaga yote karaini, ikachemka mara moja ikawa nzito, nikanyunyiza ufuta juu.

Tulikula na ugali, kwa sababu wali ulikuwa umekwisha. Baba alitoka ndani bila kuitwa. Alionja, akanyamaza, akala tena. Alisema ya Wachina ilikuwa na pilipili zaidi. Mama akampa pilipili, kwa kuwa daktari hakuikataza. Tangu siku ile anakula barazani nasi, na alipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa imeshuka. Dawa zake hajaziacha, wala asiziache, maana karai si hospitali.

Mwezi uliopita nilikuwa tena Tunduma. Yule mama wa kibandani aliniona napita na mfuko wa tangawizi, akaniita, "Karani, leo humchukulii mzee chake?" Nikamwambia mzee siku hizi ana mpishi nyumbani. Akataka kujua mpishi huyo hutumia mafuta kiasi gani kwa kuku mzima. Nilipomwambia vijiko viwili alilitazama karai lake, akanitazama mimi, akasema nimdanganye mwingine.