Nilimkatia Potwe Njia

Misimu mingi nilikuwa nikimkatia papa potwe njia, nikijua fika kuwa ni makosa. Nalisema hilo mapema kwa sababu waongozaji wengine wa watalii wa Kilindoni, kisiwani Mafia, wakibanwa hudai hawakufundishwa. Mimi nilifundishwa: mashua iende polepole ubavuni mwake, mashine izimwe mapema, wageni wateremke majini bila kishindo, samaki asiguswe wala kuzingirwa, na asiwepo mtu mbele ya kichwa chake.

Tatizo lilikuwa bakshishi. Potwe huja juu kufuata uduvi, zaidi kati ya Oktoba na Machi. Huachama, akameza maji na kuyachuja kwa matamvua huku anasonga. Mgeni asiyezoea miwani na mrija akiingia nyuma yake ataambulia mkia tu, na aliyeona mkia hatoi kitu. Basi nilikuwa nazunguka kwa kasi, naiweka mashua mita chache mbele ya pua, naamrisha: rukeni! Walidondoka kama magunia ya nazi. Picha ya mdomo wazi walikuwa wanaipata, kisha samaki anafumba mdomo na kuzama, mlo wake kauacha juu. Papa mzima wa mita 6 au 7, na hata siku moja hakutugeukia. Angekuwa anauma, ningetia akili mapema.

Wakiniuliza mbona kaondoka, nilijibu kashiba.

Nilijifariji kwamba ni mpita njia, keshokutwa yuko Msumbiji. Kumbe sivyo. Watafiti waliowafunga potwe wa Mafia vifaa vya kutoa sauti walionyesha mwaka 2015 kwamba wengi hawahami. Msimu ukipita husogea mbali kidogo na pwani, kwenye kina, tusiwaone. Ni majirani. Tena kila mmoja ana madoa yake mwenyewe, na watafiti humtambua kwa kupiga picha ubavu wake nyuma ya matamvua.

Mtafiti mmoja alinionyesha kwenye kompyuta picha za samaki yuleyule, za misimu tofauti. Za mwanzo mgongo ni mzima. Za baadaye una mikato sambamba, ya propela. Akaniuliza kama namfahamu. Nikasema hapana, na nilikuwa namfahamu vizuri. Mashua zenye mashine ni nyingi pale, na wavuvi wa dagaa nao wapo. Siwezi kuapa kuwa propela ilikuwa yangu, wala kuapa kuwa haikuwa.

Siku hizi nazima mashine mbali, akija aje. Baadhi ya wageni hushuka wamenuna, na wakinuna nawaacha. Kinachonikera ni mashua moja inayotupita kwa kasi na kugeuka mbele ya samaki. Wenzangu huniambia, wewe mkubwa, mkemee yule kijana. Nashindwa. Alikuwa baharia wangu, na kazi yote aliisomea kwangu.