Nukta Kando ya Vema

Mwaka 1999, wakati mabenki yalipokuwa na hofu ya kwamba kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zingeudhania mwaka 2000 kuwa ni 1900, niliajiriwa na benki moja ya Dar es Salaam kwa kazi ambayo hata jina lake sikulijua: kukaa mbele ya mashine kutwa nzima, kuingiza tarehe za kila namna, na kuandika katika daftari kama kila hatua imepita au imeshindwa. Aliyenifundisha, mzee mmoja wa Tanga ambaye miwani yake ilishikwa kwa uzi, alikuwa na alama tatu: kosa, vema, na vema yenye nukta kando. Nukta ya kwanza niliyoiona aliitia kwenye tarehe 29 Februari 2000, kwani mwaka ugawanyikao kwa 100 hauwi mrefu ila ukigawanyika kwa 400 pia, naye hakuamini kwamba waliounda mfumo walilijua hilo.

"Mbona usiandike kosa?" nikamwuliza.

"Kosa lina ushahidi, mwanangu. Hii ni shaka yangu tu, nami kesho nitakuwa nimeisahau."

Baadaye daftari likalipisha lahajedwali, nalo, baada ya kutumwa huku na huku hata isijulikane nakala ipi ndiyo ya mwisho, likaipisha programu ya kusimamia majaribio, ambayo, sikatai, ilinifurahisha: kijani kwa iliyopita, nyekundu kwa iliyoshindwa, na chini yake kisanduku cha maelezo, ambamo nilizihamishia nukta zangu.

Mwaka 2014 tulikuwa tukiujaribu mfumo wa mikopo. Ijumaa nilizima kompyuta hatua 214 kati ya 300 zikiwa zimekwisha. Jumamosi usiku likawekwa toleo jipya la programu. Na Jumatatu, nilipofungua, majaribio yote yalikuwapo kwa majina na hatua zake, ila kila hatua ilikuwa kijivu, imeandikwa "Haijafanywa". Nikadhani nimeingia kwa jina la mtu mwingine. Nikatoka, nikaingia tena: kijivu.

Kijana wa seva akaja. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kazi yangu iko wapi?"

Akatazama kitambo, akasema kwamba majaribio yaliyokwisha kufungwa yamehama salama, ilhali yale yaliyokuwa yangali wazi matokeo yake yalikaa katika jedwali ambalo toleo jipya halikulihamisha. Nakala ya akiba ilikuwapo, walakini hairudishwi ila pamoja na toleo la zamani, na wenzetu wa idara nyingine walikwisha kuingiza kazi ya Jumapili nzima katika toleo jipya. Hawakukubali kuipoteza. Ningekuwa wao ningekataa vilevile.

Hatua 214 nilizirudia kwa siku 6, kwa uchovu na manung'uniko, na takriban zote zikatoa majibu yale yale. Maelezo ndiyo yaliyonishinda. Nayakadiria 17, niliyoyakumbuka ni 4, na moja katika hayo ni la mteja ambaye siku yake ya kulipa ni tarehe 31, ambaye riba yake ya Februari ilizidi kwa senti chache, kisha Machi ikajisawazisha yenyewe.

Jioni ya siku ya sita nilipita Kariakoo nikanunua kaunta buku. Mteja wa tarehe 31 yumo ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, vema yenye nukta kando.