Si Uvivu, Ni Rovu
Mama mmoja wa kwetu, kisiwani Idjwi, alikuwa akichoka upesi, akisikia baridi juani, na damu yake ya mwezi ikikosa majira. Sisi jirani tukasema: mvivu huyu, au amerogwa. Shingo yake iliyovimba hatukuitazama. Mganga wa hospitali akatufumbua macho: chakula kikikosa iodini, tezi ya shingo huvimba kuwa rovu, ikashindwa kuuongoza mwili. Muhogo mchungu usiolowekwa vema huzidisha shida. Basi tununue chumvi yenye iodini, tuifunike vizuri, na muhogo tuuloweke siku tatu. Lakini mwenye dalili hizi aende apimwe damu, kwani chumvi hukinga, haiponyi kila mgonjwa. Nasi tumekwenda kumwomba mama yule msamaha.