Nilisema ni Chumvi Tu

Nilitamka maneno matatu, na maneno hayo yalikaribia kumzamisha mtoto wa mwenzangu. Nilisema, "Ni chumvi tu." Sikuwa na hakika. Niliulizwa mbele ya watu, nami nilikuwa nimekwisha kujivika ujuzi nisiokuwa nao, nikaona haya kuuvua. Wenzangu wamenisamehe, lakini sijawahi kulieleza jambo hili lote tangu mwanzo hadi mwisho. Leo nalieleza, kwa sababu najua wapo wengi wanaowaza kununua boti ya alumini ya kuvulia, na wengine wao watamtuma mtu kama mimi akawakagulie.

Tunaishi upande wa kusini mashariki mwa Houston, Texas. Tupo watatu: mmoja ametoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, wa pili ametoka Nakuru, mimi nimezaliwa Pangani. Tulikutana kazini, kwenye ghala moja, tukaunganishwa na Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Jumamosi tulikuwa tukienda kuvua kwenye boma la mawe la Texas City, lile linaloingia ndani ya Ghuba ya Galveston kwa takriban kilomita 8. Tunatupa ndoana, tunakunywa chai ya chupa, huku boti zikitupita kwenda kwenye samaki wenyewe. Mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha tukakubaliana: kila mmoja atoe dola 4,800, tununue boti yetu.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Ghuba ile ina kina kifupi, kwa wastani mita 2 hivi, na chini yake kuna miamba ya chaza yenye kingo kali. Boti ya alumini ni nyepesi, haizami sana majini, inavutwa na gari la kawaida, na injini haili mafuta mengi. Ikigonga chaza, mara nyingi hubonyea tu mahali ambapo faiba ingepasuka. Bei yake nayo iko chini. Kwa watu watatu wa mshahara wa saa, lilikuwa chaguo la akili.

Tulipofika kwenye suala la nani aikague, hapakuwa na mjadala. "Wewe ndiye mtu wa bahari," aliniambia yule wa Nakuru. Yule wa Uvira aliitikia kwa kichwa. Yeye amekulia kwenye mitumbwi na boti za ziwani, lakini aliona ziwa si bahari, akanyamaza. Nami nikaipokea heshima ile kwa mikono miwili.

Ami yangu alikuwa fundi wa mashua. Nilipokuwa mdogo nilimfuata kila alipoitwa kutazama chombo kinachouzwa. Hakuwahi kukitazama kikiwa kinaelea. Alisubiri maji ya bamvua, chombo kikapwelewa na kulala ubavu mchangani, ndipo akavua shati, akaingia chini na tezo mkononi. Alianzia kwenye mkuku, akagonga ubao baada ya ubao kwa mpini, sikio karibu kabisa na mbao. Ubao mzima una sauti yake, na ubao ulioliwa ndani una yake. Akimaliza alitoka na tope mpaka kwenye nywele, na ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa. Mwenye chombo akimwambia "kiko safi, mzee," alijibu, "Sawa, bwana wangu, ngoja nikaone." Mambo haya yote niliyajua. Niliyabeba kutoka Pangani mpaka Texas, na siku yalipohitajika sikuyatumia.

Boti ilikuwa juu ya trela, uani kwa muuzaji. Futi 20, injini ya nguvu za farasi 115, viti vipya, rangi mpya ya kijivu iliyopakwa juu mpaka chini. Muuzaji alikuwa mwungwana, akatukaribisha maji baridi. Nilizunguka boti mara mbili nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kunyooshwa. Wenzangu walinifuata nyuma.

Yule wa Uvira alichutama penye kona ya nyuma, karibu na kizibo cha kutolea maji. Rangi ilikuwa imevimba pale kama lengelenge, na palipochanika palitoka unga mweupe. Akaugusa kwa kidole, akautazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwao, "Yaya, huu unga ni wa nini?"

Nilisema, "Ni chumvi tu."

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilijua mbao, sikujua alumini. Ningeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angeniona mdogo. Yule wa Nakuru alipendekeza tulipe mkaguzi wa boti mwenye taaluma, dola mia chache tu, nami nikasema ni kutupa fedha. Usiku ule alinipigia simu kuniuliza kama nimeingia chini na kama nimefungua ngama. Nikamjibu, "Nimekagua kila kitu." Huo ulikuwa uongo mtupu. Sikuingia chini. Mfuniko wa ngama sikuufungua. Asubuhi yake tukalipa.

Mara mbili tulikwenda na kurudi salama, na kila mara nilijiambia kwamba bahati hiyo ni ujuzi wangu. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na yule wa Uvira alikuja na mwanawe wa kiume wa miaka 9. Sheria ya Texas inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi okozi muda wote boti ndogo kama ile inapokwenda, naye alivaa. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Utabiri ulisema upepo wa kaskazini ungefika jioni. Ulifika saa saba mchana. Kwenye ghuba ya kina kifupi mawimbi hayawi marefu, huwa mafupi na yaliyobanana, na boti nyepesi haiyapandi, huyapiga. Bati lilikuwa likipiga maji pa, pa, pa, mpaka meno yanagongana. Tulikuwa kama kilomita 5 kutoka gatini. Mtoto akanivuta suruali.

"Baba mkubwa, viatu vyangu vimelowa."

Nilitazama chini. Maji yalikuwa yamefunika sakafu nyuma. Niliinua mfuniko wa ngama kwa mara ya kwanza tangu tununue boti ile. Pampu ilikuwa inafanya kazi, na maji yalikuwa yanapanda. Yule wa Nakuru alichukua ndoo ya chambo akaanza kufua maji. Yule wa Uvira alimfunga mwanawe kwake kwa kamba. Nilipopunguza mwendo, tezi ilizidi kuzama. Nilipoongeza, omo ilipiga mawimbi na mshono ukafunguka zaidi. Nikageuza kuelekea maji mafupi na kuipandisha kwenye fungu la mchanga. Tulisimama pale, maji kiunoni, upepo wa baridi, mtoto akiwa mabegani mwa baba yake anatetemeka, mpaka wavuvi wengine wakatuona. Ilikuwa dakika arubaini. Katika dakika hizo mtoto hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, kwa kuwa baba yake alikuwa amemwambia njiani kwamba baba mkubwa anaijua bahari.

Wiki iliyofuata fundi mmoja wa boti alitufungulia sakafu. Alitoa bisibisi mfukoni, akaiweka ncha pale penye unga mweupe, akasukuma kwa kidole gumba. Ikapita upande wa pili kama kisu kwenye papai. Hakusema neno. Alisogea sentimita kumi, akasukuma tena, ikapita tena.

Kisha akatueleza. Metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kama betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Alumini ni dhaifu mbele ya shaba na mbele ya chuma cha pua. Kizibo chetu kilikuwa cha shaba, kimebanwa moja kwa moja kwenye bati. Sakafu iliwahi kubadilishwa kwa mbao za kujengea nje, ambazo hutiwa dawa yenye shaba ili zisioze. Mbao zile zilikuwa zimelala juu ya bati, zimelowa, zinalitafuna usiku na mchana. Ule unga mweupe ndiyo alumini yenyewe ikiwa imekwisha kuliwa.

Boti huwekewa vipande vya zinki vya kafara, viliwe badala ya bati. Vyetu vilikuwepo, lakini vilipakwa ile rangi mpya ya kijivu, na zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Alipofika kwenye povu la kusaidia boti kuelea, alikata pande moja akalikamua, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Tulikuwa tunabeba bahari ndani ya chombo tangu siku ya kwanza.

Hapo nilifanya kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza. Kwa wiki mbili nilimlaumu muuzaji. Nilisema katudanganya, kaficha kwa rangi. Labda alificha, labda hakujua. Lakini mimi nilijua kitu kimoja ambacho wenzangu hawakukijua, nikakificha kama ile rangi ilivyoficha bati: kwamba sikukagua. Jirani mmoja alitaka kunifariji akaniambia, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Ni methali ya kwetu na naiheshimu, lakini sikuweza kuipokea. Chombo kile kilikuwa na usukani, na ulikuwa mkononi mwangu tangu pale uani kwa muuzaji.

Niliwaita wote wawili nyumbani. Mke wangu alitenga chai na maandazi, hakuna aliyegusa. Nikasema, "Sikuingia chini ya boti. Ngama sikuifungua. Ulipouliza ule unga, sikujua ni kitu gani. Niliwadanganya." Yule wa Nakuru alitoka nje, akakaa kwenye gari lake muda mrefu kabla ya kurudi. Yule wa Uvira alibaki kimya, kisha akasema, "Yaya, ule unga mimi niliuona. Niliamini macho yako kuliko yangu."

Sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha usiku. Fedha zilipatikana: tuliuza injini na trela kwa dola 6,300, na hasara ya kila mwenzangu, dola 2,700, niliilipa mimi kwa miezi 18. Lakini yeye alikuwa na macho yake mazuri, yaliyoona kilichotakiwa kuonekana, nami nikamfanya ayaone hayafai. Nilimwibia hayo, na hayalipiki kwa mwezi.

Sasa, kama unaniuliza boti ya alumini ya ghubani inafaa kununuliwa, nitakujibu kwamba inafaa, ukiikagua kama mtu anayeogopa. Uliza kama ililala majini au kwenye trela, maana inayolala majini huliwa haraka zaidi. Tafuta iliyochomelewa kwa ukamilifu. Ya ribiti nayo huvua vizuri, ila mapigo ya mawimbi huzilegeza ribiti mwaka baada ya mwaka. Bati la milimita 3 na zaidi linastahimili mawimbi mafupi kuliko lile jembamba la boti za mitoni, na aina za alumini zenye magnesi, kama 5052 au 5086, ndizo zinazovumilia chumvi.

Ogopa rangi mpya chini ya boti, na usikubali rangi yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe wa baharini kushika chomboni, juu ya alumini. Tazama zinki: zikiwa zimelika nusu, zinafanya kazi; zikiwa mpya kabisa kwenye boti kuukuu, au zimepakwa rangi, uliza kwa nini. Shika mguu wa injini uuinue na kuushusha huku ukitazama kibao cha nyuma kinachoibeba. Kikicheza, ubao wa ndani umeoza. Ivute boti hadi kwenye mizani ya malori, toa uzito wa trela na injini, ulinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda. Ikizidi sana, povu limekunywa maji. Mwisho, vua shati, lala chali, uingie chini. Penye lengelenge toboa. Muuzaji akikataa, mshukuru uende zako. Na mkaguzi wa taaluma mlipe. Yeye hana fahari ya kulinda mbele ya rafiki zako.

Mwezi uliopita tulikwenda kutazama boti nyingine, sote watatu. Safari hii aliyeingia chini ni yule wa Uvira, mimi nilishika tochi. Alikaa huko karibu nusu saa, anagonga kwa fundo la kidole, anasikiliza. Kisha akaniita, akaonyesha mstari wa kijivu kwenye mshono wa nyuma.

"Hii ni nini, Yaya?"

Niliutazama sana, nikaugusa.

"Sijui," nikasema. Tukampigia simu fundi.