STAA WA SINGELI AAHIRISHA VIDEO KISA TREKTA LA MAREHEMU BABA!

Ukimwona jukwaani na zile cheni zake huwezi kudhani. Staa mmoja wa singeli, jina kapuni, mtoto wa Mbagala, mwezi uliopita alikuwa Gerezani, Kariakoo, akizunguka maduka ya spea na kipande cha beringi alichokifunga kwenye gazeti.

Ishu yenyewe ni Massey Ferguson 135 la marehemu baba yake. Lipo kwa mama, Mvomero. Injini ilianza kugonga, presha ya oili ikashuka. Masika yanabisha hodi na mama keshapokea hela za watu wanaosubiri kulimiwa.

Jamaa akaingia dukani kistaa. "Nipe beringi za kranki za Massey 135."

"Saizi gani? Standadi, 10, 20 au 30?"

Kimya. Akataka abebe standadi, si mpya ni mpya tu! Mzee mmoja fundi aliyekaa pembeni akamzuia. "Mwanangu, beringi hainunuliwi kwa jina la trekta. Geuza hicho kipande, soma mgongoni."

Mgongoni pameandikwa 020. Maana yake kranki ilishachongwa, imepungua inchi 20 za elfu, kama nusu milimita hivi. Ukifunga standadi hapo inapwaya, oili inakimbia, kugonga kunarudi palepale.

Akampigia mama. Mama akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Baba yako aliichongesha mwaka ule uko darasa la saba. Aliuza mbuzi wote. Hakutaka ujue."

Staa mzima akajifuta macho kwa fulana, mbele ya watu.

Basi achukue 020? Mzee akagoma tena. "Bado mzee mwenzangu hajapimwa." Kranki ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye basi mpaka Dar, ikawekewa maikromita. Kumbe imelika upande mmoja, haiko duara tena. Ikachongwa mpaka 030, ndipo beringi za 030 zikanunuliwa. Hiyo kwa kawaida ndiyo saizi ya mwisho. Ikilika tena, ni kutafuta kranki nyingine.

Hela iliyotumika? Ya kushuti video. Ngoma iliyosubiriwa na mashabiki imesogezwa mbele, na mtandaoni wanamwambia kafulia.

Trekta linalima. Mama ameshaanza kumaliza madeni ya watu.

Wewe ungechagua video au trekta? Tiririka hapo chini.