Karatasi Ndani ya Boksi la Kinanda



Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa, pamoja na kazi nyingine, kuilea kwaya ya parokia moja ya kijijini mkoani Ruvuma. Kwaya hiyo ilikuwa imechanga kwa miaka miwili ili inunue kinanda. Fedha zilitoka kwenye mahindi, kwenye vibarua vya palizi na kwenye bahasha za Jumuiya Ndogo Ndogo. Kwa hiyo siku ya kikao cha kuamua tununue kipi, hakuna aliyekuwa na haraka.

Tulikuwa na njia mbili. Duka moja la Dar es Salaam, wakala wa mtengenezaji, lilikuwa na kinanda chenye waranti ya mwaka mmoja. Mfanyabiashara mwingine alikuwa na cha aina ileile kilicholetwa kutoka ng'ambo, bei pungufu kwa shilingi laki nne, bila waranti. Mama mweka hazina akaniuliza, "Frateri, hiyo karatasi ya laki nne itatupigia wimbo gani?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Ilibidi tujue karatasi yenyewe inasema nini.

Waranti ya mtengenezaji ni ahadi yenye mipaka. Inasema kwamba kifaa kikiharibika ndani ya muda uliotajwa kwa sababu ya kasoro ya kiwandani, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Kwa kawaida haihusu kuchakaa, kuanguka, kumwagikiwa maji wala umeme uliozidi. Mara nyingi hukoma kifaa kikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Nyingi hutumika tu katika nchi au kanda kifaa kiliponunuliwa, na kwa mnunuzi wa kwanza tu. Hata baadhi ya kampuni za magitaa za Marekani zinazotoa dhamana ya maisha, huitoa kwa huyo wa kwanza. Ukiuza gitaa au kuligawa, dhamana haiendi nalo.

Jambo hili linatugusa, kwa sababu vyombo vingi makanisani mwetu ni zawadi za marafiki. Kigango jirani kilipewa kinanda kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120. Wetu ni volti 230. Siku ya kwanza kuchomekwa ukutani, adapta iliungua pamoja na saketi ya ndani. Waranti ilikuwa imebaki kwa aliyenunua, na hata angekuwa hapa, umeme uliozidi haumo katika ahadi.

Kikaoni, mzee mmoja wa halmashauri ya walei ndiye aliyetusaidia kuamua. Alisema, "Tusiulize waranti ni ya miaka mingapi. Tuulize fundi wake anakaa wapi." Waranti ndefu ambayo fundi wake yuko Ulaya haitufikii Ruvuma. Ya mwaka mmoja, ambayo fundi wake yuko Dar es Salaam, inafikika kwa basi. Tukanunua kwa wakala.

Mwezi wa saba, vitufe vitatu vya katikati vilinyamaza. Ilikuwa wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Mpiga kinanda wetu alikuwa tayari ameshika bisibisi, mama mweka hazina akamzuia, akatoa risiti kwenye jalada lake. Kinanda kikapanda basi. Fundi alikuta kasoro kwenye bodi iliyo chini ya vitufe, akaibadilisha bila kudai senti. Nauli tulilipa wenyewe, na tulingoja wiki tano. Katika Kwaresima Kanisa huruhusu vyombo kwa kusindikiza uimbaji tu, kwa hiyo pengo lilivumilika, na sauti ya besi ilijifunza kujisimamia.

Fundi alituambia kazi ile ingetugharimu kama laki tatu. Basi kwa hesabu tupu hatukupata faida: tulilipa laki nne kuokoa laki tatu. Lakini fikiria tungekuwa hatuna waranti. Tungerudi kwa wajane na wakulima walewale, miezi saba baada ya kuwashukuru, kuwaomba tena. Wangetoa. Ila mchango uliofuata baada ya huo, wa paa au wa seminari, ungeanza kwa minong'ono. Nadhani hapo ndipo ilipo thamani ya waranti kwa parokia: inalinda imani ya mtoaji kwamba alichokitoa kinatunzwa.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1284, inamtaka kila msimamizi wa mali za Kanisa awe na bidii ya baba mwema wa familia, aangalie mali isipotee wala kuharibika, na aweke hesabu na hati kwa utaratibu. Sisi waseminari tunaisoma darasani tukiwaza viwanja na majengo. Risiti ya kinanda nayo imo humo.

Basi kabla kwaya yako haijalipa, ulizeni mambo manne. Fundi aliyeidhinishwa yuko wapi? Nani analipa usafiri? Ni mambo gani hayamo katika waranti? Je, risiti ya mashine itaandikwa jina la parokia pamoja na namba iliyobandikwa chini ya kinanda? Mkishanunua, piga picha ya karatasi zote mbili, kwa sababu wino wa risiti hufifia, na nakala ikae ofisini kwa paroko. Nunueni pia stabilaiza ya umeme na kitambaa cha kufunika, maana vumbi na umeme wa kupandashuka hakuna waranti inayovibeba. Duka likishindwa kujibu hayo manne, fedha za watu zibaki kwa mweka hazina hadi mpate linaloweza.