Mtegemea Nundu: Upatanisho wa Kisarufi Ndani ya Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa mtegemea nundu haachi kunona. Wahenga hao hao, bila hata kuona haya, wakageuka na kuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alizionja methali zote mbili katika juma moja, nalo likawa juma la kuwasilisha tasnifu yake.

Tarakilishi yake kuukuu iliendeshwa kwa mfumo wa Debian. Usiku wa Jumatano, kwa pupa ya vitu vipya, aliweka kwa mkono wake toleo jipya la maktaba moja na kulifuta lile la zamani. Kulipopambazuka, programu ya kuandikia ilikataa katakata kufunguka. Tasnifu ilikuwamo humo, sura zote tano. Mlango tu ndio uliofungwa.

Maktaba, katika lugha ya mafundi wa programu, ni mkusanyiko wa kazi zinazohitajiwa na programu nyingi. Badala ya kila programu kujipikia chake, zote hupakua katika chungu kimoja. Manufaa yake yalidhihirika Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipogunduliwa katika maktaba ya OpenSSL. Programu zilizoitegemea kwa pamoja hazikuhitaji kuundwa upya; ilitosha maktaba ibadilishwe, kisha programu zizimwe na kuwashwa tena ili ziache kuishikilia nakala ya kale. Zile zilizokuwa zimeimeza maktaba ndani yake zililazimika kuundwa upya moja baada ya nyingine.

Je, wategemezi wa maktaba ya pamoja huundwa upya lini? Mwanafunzi wa sarufi ana ufunguo wa swali hili tayari. Itazamwe sentensi: kitabu kipya kimepotea. Kurasa za kitabu hicho zikisahihishwa, sentensi haitikisiki. Lakini kitabu kikiwa vitabu, kivumishi na kitenzi havina budi kufuata. Vivyo hivyo, fundi akirekebisha kasoro ya ndani pasipo kugusa majina ya kazi, vitu ambavyo kila kazi hupokea, wala ukubwa na mpangilio wa data, wategemezi na waachwe. Akivigusa hivyo, upatanisho umevunjika. Ndiyo maana maktaba hubeba nambari katika jina lake: libssl.so.1.1 ilipofuatwa na libssl.so.3, nambari hiyo ilitangaza kuwa ngeli imebadilika.

Hatari kubwa zaidi ni upatanisho kuvunjika ilhali nambari imebaki vile vile. Programu hufunguka kwa tabasamu, kisha ikasoma data visivyo. Afadhali ile inayokataa mlangoni. Watu wa Debian walikumbana na hali ya namna hiyo mwaka 2024. Wakati uliohesabiwa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970 katika nafasi ya biti 32 utafurika Januari 19, 2038, kwa hiyo waliipanua nafasi hiyo hadi biti 64 katika mashine nyingi za biti 32 walizozihudumia. Nambari za maktaba hazikubadilika, bali data ilikuwa imenenepa. Iliwabidi waviongezee vifurushi vya mamia ya maktaba kiambishi t64 majinani, kisha wawaunde upya wategemezi wao. Mwanaisimu atatabasamu: kiambishi tamati kimoja kilizuia maafa.

Turudi kwa msomi wetu. Alhamisi alasiri alimbebea fundi mmoja mashine yake. Fundi aliisoma ile nambari iliyokosekana, akalitafuta toleo la zamani katika ghala la vifurushi na kulirejesha kando ya jipya, maana nambari zikitofautiana, matoleo mawili huishi pamoja bila ugomvi. Tasnifu ikafunguka.

"Kaka, mbona usiniundie programu upya kabisa, itumie hii mpya?" aliuliza mwenye mashine, pupa ikiwa haijamtoka.

"Unawasilisha lini?"

"Kesho saa sita."

Fundi akaifunika tarakilishi na kumkabidhi. "Basi njoo Jumatatu."